Mbu wa Komarock ana jina gani?

Mwaka huu ni wa saba tangu nihamie Komarock. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na riziki ndiyo iliyonileta bara. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya Kangundo, na ndani yake tunakaa mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na mpwa wangu, mtoto wa dadangu wa Kilifi, aliyeletwa huku kusoma sekondari.

Baada ya Idi mwaka jana tulirudi sote kutoka pwani. Haikupita wiki mbili, mpwa wangu akaanza kutetemeka usiku. Asubuhi nikampeleka kliniki moja ya hapa mtaani. Dada aliyetupokea akamsikiliza, akampima joto, akaandika dawa za taifodi. Nikamuuliza, "Dadangu, mtoto huyu ametoka pwani juzi juzi. Hutampima malaria?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, huku Nairobi hatuna malaria."

Tukarudi nyumbani na dawa zetu. Usiku wa tatu mtoto akawa hajui aliko, aita mamake aliye Kilifi. Jirani akatoa gari, tukakimbia hospitali kubwa. Kule alidungwa kidole, tone la damu likapimwa, na kabla chai niliyonunua haijapoa daktari akaja na jibu: malaria, tena kali. Alilazwa siku nne. Alhamdulillahi, alipona.

Alipopata nguvu za kukaa kitandani na kula machungwa, aliniuliza swali lililonifanya niandike makala haya. "Mjomba," akasema, "mbu wa hapa Komarock waniuma kila usiku kuliko wa kwetu. Mbona hawa hawaniletei malaria na wale wameniletea? Si mbu ni mbu?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya wadudu. Lakini mwandishi kazi yake ni kuuliza, na nilipoanza kusoma na kuuliza niligundua kwamba swali lile limewatoa jasho wasomi kwa zaidi ya miaka mia moja, na limegharimu roho za watu pale lilipojibiwa vibaya.

Si mbu ni mbu

Duniani kuna spishi za mbu zaidi ya 3,500. Spishi, kwa lugha nyepesi, ni jamii ya viumbe wanaozaana wao kwa wao na kizazi chao kikaendelea. Wenzetu wa Lamu, watu wa punda, watanielewa upesi: punda na farasi huweza kupata mtoto, lakini mtoto huyo, baghala, kwa kawaida hazai. Kizazi kinaishia hapo. Ndiyo maana punda na farasi huhesabiwa spishi mbili hata kama wafanana.

Kati ya mbu wote hao, wanaombebea binadamu malaria ni wa kundi moja tu, liitwalo Anopheles. Kundi hilo lina spishi zaidi ya 400, na katika hizo ni kama 40 tu ndizo zenye hatari ya kutajika. Na katika hizo 40, ni majike tu waumao, kwa kuwa wao ndio wahitaji damu ya kukuzia mayai.

Mbu anayetunyima usingizi hapa Komarock aghalabu ni wa kundi jingine, Culex, yule wa kahawia asiye na mapambo. Yeye hupenda maji machafu: mtaro ulioziba, shimo la choo lisilofunikwa vizuri, kidimbwi cha maji ya kufulia. Si mwema hata kidogo, maana ndiye huyo huyo anayebeba vijidudu vya matende na busha ambavyo wazee wetu wa pwani wavijua sana. Lakini malaria habebi.

Sababu ya pili ni ubaridi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mbu hazaliwi na malaria. Huipata kwa kumuuma mgonjwa, kisha kimelea hukaa ndani ya mwili wake siku kumi au zaidi kikikomaa, ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Hali ya hewa ikiwa baridi, kukomaa huko huchelewa, na mbu mwenyewe umri wake ni mfupi. Mara nyingi hufa kabla ya kimelea kuwa tayari. Chini ya nyuzi joto 16 hivi, kimelea kile kibaya zaidi, Plasmodium falciparum, hakikomai kabisa. Nairobi haifiki hapo kila siku, lakini ubaridi wake umekuwa ngao.

Kwa hivyo yule dada wa kliniki hakusema uongo mtupu. Alikosea mahali pamoja: alilitazama jina la mtaa badala ya safari ya mgonjwa. Mbu aliyemwambukiza mpwa wangu hakuwa wa Komarock. Alikuwa wa Kilifi, na malaria ilipanda basi pamoja nasi.

Kumjua mbu kwa sura

Sasa, mtaalamu hujuaje huyu ni nani? Njia ya kwanza na ya kale ni sura. Mbu huwekwa chini ya hadubini akatazamwa magamba ya mabawa, pete nyeupe za miguuni, na vile vipapasio viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea damu. Mkononi mtaalamu huwa na kitabu cha utambuzi, ambacho humuuliza maswali moja baada ya moja: je, miguu ina madoa? Ukisema ndiyo, nenda swali la saba; ukisema la, nenda la kumi. Hivyo hivyo mpaka afikie jina.

Njia hii ni nzuri, na bila yake tusingejua lolote. Lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba viumbe wa spishi moja huwa hawafanani. Tazama paka wa Mji wa Kale: mweusi, mweupe, wa madoa, na wote ni paka. Mbu ni vivyo hivyo. Aliyekulia maji yenye joto na msongamano hutoka mdogo. Mwenzake wa spishi ile ile aliyekulia maji ya baridi na nafasi ya kutosha hutoka mkubwa. Aliyezeeka, au aliyegongwagongwa ndani ya mtego, huwa amepukutika magamba, na yale madoa ya kumtambulisha hayapo tena. Asiye makini huweza kumpa kiumbe mmoja majina mawili.

Mtego wa pili ni kinyume chake: viumbe wa spishi mbili huweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Na huu ndio uliotuumiza zaidi, tena karibu na kwetu.

Yaliyotokea Taveta

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na mradi mkubwa wa kupiga vita malaria upande wa Taveta na Pare, mpakani mwa Kenya na Tanganyika. Nyumba zilipuliziwa ndani dawa iitwayo dieldrin. Mbu mkuu wa malaria wa sehemu ile, Anopheles funestus, hulala ukutani baada ya kushiba damu, basi dawa ikampata barabara. Malaria ikashuka.

Lakini wachunguzi walipoendelea kukusanya mbu, waliwakuta wengine wenye sura ya funestus, tena wakiongezeka. Mtu angeweza kuvunjika moyo na kusema dawa imeshindwa. Watafiti wawili, Gillies na Smith, wakachunguza kwa makini, na mwaka 1960 wakaeleza waliyoyaona: funestus mwenyewe ametoweka, na aliyeongezeka ni jamaa yake, Anopheles rivulorum. Wakubwa wafanana mno. Tofauti huonekana wazi zaidi kwa viluwiluwi, wale watoto wa mbu wa majini. Na rivulorum hupenda zaidi damu ya ng'ombe.

Tafakari, ndugu msomaji. Lau wangewahesabu kwa sura tu, wangefunga mradi uliokuwa ukiokoa watu, wakimshitaki mbu asiye na kesi ile.

Miaka hiyo hiyo ikazuka habari ya Anopheles gambiae, mbu mkubwa wa malaria Afrika. Kwa zaidi ya miaka 50 alihesabiwa spishi moja, ingawa tabia zake zilikuwa hazieleweki: huyu huuma watu ndani, yule huuma ng'ombe nje, mwingine huzaliana maji ya mvua, mwingine maji ya chumvi. Walipojaribu kuwazalisha maabara, watoto wa kiume wa mchanganyiko wakawa tasa, mambo ya punda na farasi yale yale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikabainika kwamba gambiae ni ukoo mzima wa spishi zinazofanana. Leo zinazotambuliwa katika ukoo huo ni nane au zaidi. Mmoja wao ni wa kwetu hasa: Anopheles merus, anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya ufukweni, karibu na mikoko. Mwingine, Anopheles arabiensis, humuuma mtu na mnyama, ndani na nje, na wakati mwingine mapema kabla watu hawajaingia chandaruani.

Kwa hivyo ukiambiwa kijiji kina chandarua kila kitanda na bado watoto wanaugua, usikimbilie kuwalaumu wazazi kwamba wanavulia samaki vyandarua. Uliza kwanza: mbu wa hapa ni yupi katika ukoo ule? Siku hizi jibu hupatikana kwa kupima chembe za urithi, zile ziitwazo DNA. Mguu mmoja wa mbu watosha.

Spishi mpya na mgeni mpya

Hapa lazima nitenge mambo mawili yanayochanganywa sana kwenye habari zetu. Kiumbe kipya kwa elimu ni kile ambacho hakikuwahi kupewa jina popote. Kiumbe kipya kwa nchi ni kile chenye jina tayari, ila hakikuwahi kuandikwa kwamba kiko hapa.

Watu wa Malindi wanao mfano. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilinasa baharini karibu na Malindi samaki mkubwa, urefu wa mita 1.7, uzito wa kilo 77, mapezi yamenona kama miguu. Alikuwa silakanti, ambaye Wakomoro wamwita gombesa. Hakuwa spishi mpya, maana samaki huyo alipewa jina la Latimeria chalumnae mwaka 1939, baada ya mmoja kunaswa Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1938. Lakini kwa Kenya alikuwa wa kwanza kuandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Indonesia nako alipatikana silakanti, ila yule ni wa kahawia badala ya buluu. Mtu angesema ni tofauti ya rangi tu, kama paka wa Mji wa Kale. Chembe za urithi zikaonyesha ni spishi nyingine kabisa, na mwaka 1999 akapewa jina lake. Sura hukwambia uongo huku, na hukwambia kweli kule. Ndiyo maana ushahidi wake hautoshi peke yake.

Silakanti hana madhara kwa mtu. Mgeni ninayetaka kumzungumzia sasa ana madhara.

Mgeni kutoka Asia

Jina lake ni Anopheles stephensi. Alielezwa kwa mara ya kwanza India mwaka 1901 na daktari Mwingereza aitwaye Liston. Yeye hakukaa shamba wala kinamasi kama ndugu zake wa Afrika. Ni mbu wa mjini. Hupenda maji safi yaliyohifadhiwa na watu: tangi, pipa, kisima, mtungi. Hata wataalamu wa India walimtatizikia. Mwaka 1937 wawili kati yao walihesabu mistari iliyo kwenye mayai yake, wakaona yatofautiana: wa mjini mayai yao yana mistari mingi, wa mashambani michache. Wa mjini ndiye hodari wa kueneza malaria. Wa mashambani hupenda mifugo. Tofauti ndogo kuliko punje ya chumvi, lakini ilieleza kwa nini mji mmoja unaugua na kijiji jirani hakiugui.

Mwaka 2012 mbu huyu alipatikana Djibouti. Nchi ile ilikuwa karibu kuiaga malaria: mwaka huo wagonjwa walioandikwa walikuwa 27. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Soma tena tarakimu hizo. Mwaka 2016 alionekana Ethiopia, kisha Sudan, na mwaka 2019 Somalia. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa nchini Ethiopia ulipatwa na mlipuko wa malaria wakati wa kiangazi, msimu ambao malaria hulala. Wachunguzi walipozitazama nyumba za wagonjwa na mabweni ya chuo kikuu cha mji ule, walimkuta stephensi kwenye vyombo vya maji.

Kwa nini hakuonekana mapema kote alikopita? Rudi kwenye kile kitabu cha utambuzi. Kitabu kilichotegemewa Afrika kwa miongo mitatu kilichapishwa mwaka 1987, na stephensi hakuwemo, kwa kuwa hakuwa mbu wa huku. Sasa fikiria fundi wa maabara ameketi na mbu wake, ajibu maswali kwa uaminifu. Kitabu hakina ukurasa wa mgeni. Kitamfikisha kwa yule anayefanana naye zaidi, na jina litaandikwa gambiae. Hakuna aliyezembea. Chombo chenyewe kilikuwa hakijui. Ilibidi kitabu kifanyiwe marekebisho mwaka 2020, kikaongezwa alama za mgeni: vipapasio vyenye pete mbili pana nyeupe karibu na ncha, na madoadoa meupe.

Kenya zamu yetu ilifika Desemba 2022. Watafiti wa KEMRI walikusanya mbu huko Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit, wakatilia shaka sura zao, wakapima chembe za urithi. Februari 2023 taasisi ikatangaza: stephensi ameingia Kenya. Angalia walivyofanya. Sura iliwapa shaka, maabara ikawapa uhakika, ndipo wakasema. Na Septemba 2022, miezi mitatu kabla ya mbu wale kukusanywa, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanzisha mpango maalumu wa kumzuia asienee Afrika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba akienea miji yote inayomfaa, watu milioni 126 zaidi wa mijini watakuwa hatarini.

Tangi langu na birika la babu

Sisemi mbu huyu yuko Komarock. Habari ninazozieleza ni za kaskazini, na sitaki mtu aamke kesho akiuza dawa za uongo kwa jina la makala yangu. Nasema hivi: ukitaka kumjengea stephensi nyumba, utamjengea kama tulivyojenga sisi.

Maji hapa mtaani huja kwa zamu. Siku ya zamu yetu mama wa nyumba hii haendi popote. Hujaza tangi jeusi la juu, hujaza pipa la bafuni, hujaza mitungi ya njano ya lita 20 iliyopangwa roshani kama askari. Jirani wa juu afanya hivyo hivyo, na wa chini, na nyumba zote mpaka Kayole. Maji masafi, yaliyotulia, wiki nzima, na vifuniko vingine vimepotea. Culex wa mtaroni hayataki. Stephensi hataki kingine.

Ongeza jambo la pili. Kila baada ya Idi, kila likizo ya shule, kila arusi, mabasi hutoka Kilifi, Kwale na Mombasa yamejaa sisi. Baadhi yetu hurudi na vimelea damuni bila kujijua, kwa kuwa mtu mzima aliyezoea malaria huweza kuvibeba asiugue. Leo vimelea hivyo vyafia hapa kwa kukosa mbu wa kuvichukua. Siku mbu wa tangi atakapofika, mnyororo utakuwa umetimia: mgonjwa yupo, maji yapo, mbu yupo. Wakati huo maneno ya "huku Nairobi hatuna malaria" yatakuwa ya kuua.

Na Mombasa wasinicheke wakidhani hili ni la watu wa bara. Inadhaniwa mbu huyu husafiri kwa meli, na watafiti waliofuatilia safari za mizigo baharini waliziweka Kenya na Tanzania miongoni mwa nchi zilizo hatarini zaidi. Bandari tunayo sisi. Joto tunalo sisi. Visima na mapipa, usiseme.

Lakini pwani tuna kitu ambacho Komarock haina, nacho ni kumbukumbu. Waliokwenda Lamu wamewaona samaki wadogo kwenye mabirika ya misikiti na ya majumba ya kale. Babu yangu alikuwa akituonya tusiwavue. "Hao ndio walinzi wa maji," alikuwa akisema. Wazee hawakuwa na hadubini, wala hawakujua majina ya Kilatini. Walijua kwamba maji yaliyotulia huzaa mbu, na wakaweka mlinzi wa kula viluwiluwi kabla hawajaota mabawa. Kinga ile ya birika ndiyo hasa inayotakiwa kwa mbu wa vyombo vya maji. Tangi la plastiki halihitaji samaki. Kifuniko kinachobana kitatosha, na pipa lisuguliwe ndani kila wiki, maana yai mpaka mbu mzima huchukua siku kumi hivi, pungufu kukiwa na joto.

La kufanya

Nimewaambia watu wa nyumbani mambo matatu, nanyi nawaambia.

Kwanza, ukitoka pwani au ziwani na ukapata homa ndani ya wiki kadhaa, mwambie anayekutibu umetoka wapi, na usiondoke bila kupimwa malaria. Kipimo cha kidole hakichukui nusu saa. Usione haya kurudia ombi. Mimi niliona haya, nikaomba mara moja tu nikanyamaza, na mtoto wa watu nusura anitoke mkononi.

Pili, funika maji. Si kwa ajili ya mgeni peke yake. Mbu wa madoa meupe anayeleta dengi, ambayo Mombasa imeionja zaidi ya mara moja, naye huzaliana mumo humo.

Tatu, vijana wanaosomea wadudu, samaki, mimea na maabara tusiwaulize kwa kejeli, "Hiyo kazi ya kuhesabu miguu ya mbu itakulisha?" Tumezoea kuwatuma watoto wetu biashara, uhasibu na udaktari. Lakini daktari hutibu baada ya mtu kuugua. Aliyeitilia shaka sura ya mbu kule Laisamis alituambia kabla.

Jumapili iliyopita nilimwita mpwa wangu tukakague vyombo vya roshani. Pipa moja lilikuwa limekosa kifuniko, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wakicheza. Nilikuwa nimesoma namna ya kuwatazama: kiluwiluwi wa Anopheles hulala bapa chini ya uso wa maji kama ubao unaoelea, na wa mbu wengine huning'inia kichwa chini, mkia juu, akivutia hewa kwa kimrija. Tukainama wote wawili na tochi ya simu.

"Wananing'inia, mjomba," akasema.

"Basi si wale."

"Kwa hiyo tuwaache?"

Nikamtazama, akacheka. Tukalishika pipa huku na huku, tukalimwaga mtaroni, tukalisugua. Kifuniko kipya nimekinunua sokoni Kayole jioni ile ile. Siku ya kwanza ya zamu ya maji, yeye ndiye aliyekibana.